Shokomzoba za mkono za Morris Minor: nimezijaza oili ya foku, na haya ndiyo niliyoyaona

Gari langu ni Morris Minor, zile zilizotengenezwa Uingereza kuanzia 1948 hadi 1971. Shokomzoba zake si za bomba refu kama za magari ya siku hizi. Kila moja ni kisanduku cha chuma chenye oili, na mkono umetokeza ubavuni. Gurudumu likipanda, mkono unasukuma pistoni, oili inajipenyeza kwenye vali kwa shida, na gari linatulia. Langu lilikuwa limeacha kutulia. Tuta moja tu, nyuma inadunda mara nne.

Fundi aliyetangulia alizijaza oili ya injini. Ni nzito mno kwa kazi hii. Siku za baridi kila shimo lilinigonga mgongoni. Nikaimwaga yote, nikanunua oili ya foku za pikipiki (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele), uzito wa 20.

Usafi ndio ulionila muda. Kabla ya kugusa kifuniko cha juu nilisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka chuma kikaonekana, kwa sababu chembe ya mchanga ikikaa kwenye vali umeharibu kila kitu. Za nyuma nilizishusha, nikazibana kwenye jiliwa zikiwa wima kama zinavyokaa garini. Ukizilaza zinavuta hewa. Unatia oili kidogo, unapandisha mkono polepole hadi mwisho, unaushusha, unatia tena. Mwanzoni mkono unakaza, halafu katikati unalegea ghafla: hapo pana hewa. Vipovu vikawa vinapanda kimoja kimoja kwenye tundu. Nilirudia mpaka ukazo ukawa mmoja toka juu hadi chini. Nikaacha nafasi kidogo juu, maana oili ikipata joto hutanuka.

Za mbele nilizijaza zikiwa palepale. Tafadhali sana, msizifungue ovyo: mkono wa shokomzoba ya mbele ndio mkono wa juu unaoshikilia gurudumu. Usipoegemeza mkono wa chini kwanza, unaweza kuumia vibaya.

Miezi sita sasa. Gari likipita tuta linapanda mara moja, linashuka, basi. Kwenye kona halilali tena kama zamani, na nimefurahi mno. Oili hii naipa tano kwa tano.

Ila ya mbele kushoto ililowa ndani ya wiki mbili. Nilipoutikisa mkono, shafti yenyewe, yaani chuma ambacho mkono unazunguka nacho, ilicheza. Hapo hakuna oili itakayosaidia, na kutia nzito zaidi ili ivuje polepole ni kujidanganya, kwani sili mpya (mpira wa kuzuia oili isivuje) nayo haidumu juu ya shafti inayocheza. Nimeishusha na kuipeleka kwa wanaozifufua, waichonge na kuitia bushi mpya. Ikirudi, nitaijaza oili hii hii.