TAHADHARI: vichwa vya ponti vya okazioni (vilivyokwisha tumika) vinavyouzwa Bukavu vikiwa vimenyamazishwa kwa grisi na vumbi la mbao

Wandugu madereva, wenye gari na mafundi wenzangu wa Bukavu,

Kuna muuzaji wa piesi hapa mjini anayeuza vichwa vya ponti vya Land Cruiser na Hilux vilivyokwisha kufa (ponti ni mhimili wa magurudumu, na kichwa chake ni lile fungu la meno la katikati linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu). Anavipaka rangi, anavijaza uchafu wa kuziba sauti, na mnunuzi anaondoka navyo akiwa na furaha. Gari zinaletwa garajini kwetu meno ya ponti yamevunjika, na wenyewe wanataja mahali pale pale. Simwandiki jina, kwa sababu mbinu hii haiko kwake peke yake. Nataka muijue kazi yenyewe, hata akiifanya mwingine.

Mtego wa kwanza ni bei, maana anauza karibu nusu ya wenzake. Mtego wa pili ni maneno: "Papa, hii imetoka Dubai juzi tu, haijagusa barabara ya Congo. Zungusha mwenyewe usikie." Unashika flanji (ile sahani ya kufungia kardani, shafti ndefu inayoleta nguvu ya injini), unazungusha kwa mkono, inakwenda laini na kimya kabisa. Basi unalipa.

Tulifungua moja mbele ya mwenyewe, mzee anayepakia mizigo ya Kamituga. Rangi nyeusi ilikuwa imepita mpaka juu ya vichwa vya bolti na juu ya udongo mkavu ambao hakuna aliyejisumbua kuukwangua. Ndani hamkuwa na dalili ya mafuta ya ponti. Mlikuwa na grisi nzito, ile ya kupiga kwenye chesisi, imechanganywa na vumbi la mbao. Niliisugua kati ya vidole viwili, grisi ikatoka, nyuzi za mbao zikabaki. Tukaiosha kwa mazutu (dizeli). Kile kilichokuwa kimya kikaanza kukwaruza: beringi ya pinyo (gia ndogo iliyoungana na flanji) ilikuwa na vishimo vya kutu, na meno ya kurone (gia kubwa inayozungushwa na pinyo) yalikuwa yamemeguka ncha. Mzee akauliza, "Fundi, sasa mimi nimenunua nini?" Sikuwa na jibu la kumpoza.

Vumbi la mbao linaingia katikati ya meno yaliyochakaa, linajaza nafasi na kumeza mlio. Halidumu. Ponti ikifanya kazi linasagika. Ubaya wa grisi ni mkubwa zaidi. Mafuta ya ponti hurushwa na kurone inapozunguka, yakapita kwenye njia yake ndani ya kichwa mpaka kwenye beringi za pinyo. Grisi nzito hairushwi, na vumbi linaziba hiyo njia. Beringi zinakauka, zinapata moto, na siku moja zinakamata. Sasa fikirieni ponti inakamata mkiwa mnateremka mlima wa Ngomo, watu wamekaa juu ya mizigo. Hii ndiyo sababu naandika.

Kuna jambo jingine tuliloliona kwenye kichwa kile, na madereva wengi hawalijui. Kurone na pinyo hutengenezwa wawili wawili. Kiwandani husuguliwa pamoja mpaka meno yakubaliane, kisha huandikwa namba moja, pinyo yake na kurone yake. Moja ikifa, zinabadilishwa zote mbili. Kile kichwa cha mzee kilikuwa na namba hii kwenye kurone na namba nyingine kwenye pinyo. Yaani mtu amechukua ponti mbili zilizokufa, akatoa kipande kilichobaki kizuri kwa kila moja, akaviunganisha kwa kubahatisha. Nafasi kati ya meno haya hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, kwa saa ya kupimia, na mahali meno yanapogusana hukaguliwa kwa kupaka rangi. Huwezi kuibahatisha kwa jicho. Ponti ya namna hiyo hata ukiitia mafuta bora ya dunia italia, kisha itajila yenyewe.

Kabla hujatoa franga, omba kichwa kioshwe mbele yako kwa mazutu. Ombi hili moja linatosha kuwatenga wauzaji. Mwenye mali safi atakuletea ndoo. Mwenye kuficha atakuambia ukiosha garantii inakufa. Hapo chukua njia yako. Kikishaoshwa, angalia namba za kurone na pinyo. Pitisha kidole kwenye kila jino, ukitafuta ncha zilizomeguka na chuma kilichogeuka buluu kwa moto. Shika flanji uisukume juu na chini: isicheze hata kidogo. Mchezo mdogo wa kuizungusha mbele na nyuma ni wa kawaida, wa juu na chini haukubaliki.

Kisha hesabu. Piga alama ya chaki kwenye kurone, zungusha flanji mpaka kurone imalize mzunguko mmoja. Land Cruiser nyingi tunazoendesha hapa zina meno 41 kwa 10, kwa hiyo flanji itazunguka mara 4 na kidogo sana. Lakini zipo za 43 kwa 10 na za 43 kwa 11, na kwa sura zinafanana. Gari yako inatumia ipi, angalia kibati kilichopo chumba cha injini, pale palipoandikwa namba ya rangi, kuna na namba ya ekseli, yaani ya ponti. Ukiweka nyuma ponti isiyolingana na ya mbele, kwenye lami hutasikia kitu. Utakapoingiza 4x4 kwenye matope ya Mwenga ndipo magurudumu ya mbele na ya nyuma yatakapovutana, na kisanduku cha 4x4 ndicho kitakacholipa deni.

Muuzaji huyo huyo anauza na mafuta, bidoni za lita 20 zilizoandikwa 80W-90 (uzito wa mafuta ya ponti), GL-5 (daraja la ulinzi wa meno). Nilizofungua mimi zilikuwa na mafuta ya injini yaliyotumika, yamechujwa. Msidanganywe na uzito: mafuta ya ponti ya 90 yanakaribiana na ya injini ya 40 au 50 yakimiminwa. Tofauti iko kwenye dawa ya salfa na fosforasi inayolinda meno yanayosuguana kwa mgandamizo mkubwa. Mafuta ya injini hayana dawa hiyo kwa kiwango hicho, na GL-4 inayo karibu nusu tu. Nusa: GL-5 ya kweli ina harufu kali ya salfa inayobaki mkononi hata ukinawa. Ikinuka kama moshi wa injini, au haina harufu, rudisha. Ponti ya nyuma ya Land Cruiser inabeba lita 3 na kidogo tu, kwa hiyo nunueni kidogo kwenye bidoni yenye kizibo ambacho hakijafunguliwa, kuliko lita 20 za rahisi.

Na dai fakitire (risiti) yenye namba ya kichwa chenyewe. Huyu hatoi. Ukirudi na ponti iliyovunjika anasema, "Mliweka mafuta mabaya." Mafuta yenyewe ni yake.

Mkishapata nzuri, ilindeni na maji. Ponti yenye moto ikiingia mtoni, hewa ya ndani inapoa ghafla na kusinyaa, na kama kile kijitundu cha kupumulia juu ya ponti kimezibwa na matope, maji yanavutwa kupitia spi (mpira wa kuzuia mafuta). Ungeni mpira mrefu mpaka chumba cha injini; ni kazi ndogo. Mafuta yakitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, mwageni siku hiyo hiyo. Ila mnapofanya vidanje (kubadilisha mafuta), fungueni kwanza bushoni (kizibo) ya kujazia. Ya chini ikishamwaga na ya juu ikagoma, gari inabaki pale pale.

Kama umeshanunua kwa mtu huyu na ponti iko chini ya gari tayari, usisubiri ilie. Fungua bushoni, ingiza kidole. Ukikuta grisi au nyuzi, teremsha kichwa kabla ya safari yoyote. Na kama imevunjika ukiwa mbali na mji, Land Cruiser za HZJ78 na HZJ79 zina nafuu yake: toa kardani ya nyuma, chomoa ekseli (shafti za magurudumu) zote mbili za nyuma, ziba matundu kwa kitambaa safi na bati, magurudumu yatabaki mahali pake. Shusha mizigo, funga habu za mbele (zigeuze kwenye LOCK), ingiza 4x4, rudi polepole ukivutwa na ponti ya mbele peke yake.