TAHADHARI: Kuna santuri feki ya "Blackstar" ya David Bowie inauzwa Nairobi

Wapenzi wa santuri, kuna mtu anauza mtandaoni Blackstar, albamu ya mwisho ya mwanamuziki wa Uingereza David Bowie, akidai ni toleo halisi la 2016. Ni feki. Nilimtumia shilingi 6,500 kwa M-Pesa, mzigo ukaja na bodaboda, na nilipoanza kumuuliza maswali akanifungia.

Alinipata kwa hadithi: eti nakala hiyo imetoka kwa familia iliyomjua Iman, mwanamitindo na mkewe Bowie, enzi akisoma Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni kweli Iman alisoma hapo, na ni Nairobi mpiga picha Peter Beard alipomwona mwaka 1975, akamwingiza kwenye uanamitindo. Ukweli huo mmoja ulinifanya nimeze na mengine yote.

Mnaoijua albamu hii mtaelewa inavyouma. Bowie aliitoa tarehe 8 Januari 2016, siku alipotimiza miaka 69, na siku mbili baadaye saratani ikamchukua. Hata jaketi lake, yaani kasha la karatasi la kuwekea santuri, ni sehemu ya kazi. Jonathan Barnbrook, aliyelibuni, aliikata nyota kwenye karatasi nyeusi ili santuri ionekane kupitia tundu lile. Ukiitoa santuri na kuliacha jaketi wazi juani, ndani hujitokeza anga ya nyota. Nimelitamani jaketi hilo miaka mingi.

Nililoletewa, nyota imechapishwa tu. Hakuna tundu. Nimelianika mchana kutwa, hakijatokea kitu. Sauti ndiyo imenivunja moyo kabisa: saksafoni ya Donny McCaslin kwenye wimbo wa kwanza, ule wa karibu dakika kumi, inasikika kama simu iliyofunikwa blanketi, na besi inakoroma. Nadhani wamechukua faili ya intaneti wakaichapa hivyo hivyo.

Kabla hujatuma hata shilingi, mwambie muuzaji akurekodie video akiingiza kidole kwenye ile nyota. Dai pia picha ya maandishi yaliyochongwa karibu na lebo. Rangi isikubabaishe, maana toleo halali la santuri isiyo na rangi, inayopenyeza mwanga, lipo pia. Akikwambia "kuna wateja wengine wanasubiri", mwache awauzie hao. Mimi aliniambia hivyo hivyo, nikaharakisha.

Amebadilisha jina la ukurasa lakini picha ni ile ile: jaketi juu ya kitambaa cha meza cha bluu, kona ya kulia imekunjika. Leo asubuhi ameiweka tena, kwa 5,000.