Nimemaliza Kasane, vitabu vyote 14, uzoefu wangu

Jana saa tisa usiku ndo nimefunga kitabu cha mwisho, nikabaki nimekaa kitandani taa inawaka mpaka adhana ya alfajiri, sasa naandika kabla sijapoa. Kasane ni manga, yaani hadithi ya katuni za Kijapani, ya Daruma Matsuura, ilikuwa inatoka kwenye jarida la Evening kule Japani kuanzia 2013 mpaka 2018, na imeisha kabisa kwahiyo hakuna habari ya kusubiri mwendelezo. Mimi nimeisoma kwa Kifaransa, shoga yangu aliyekuwa anasoma Ufaransa alirudi navyo vimejaa begi zima akaniambia chukua, hivi ni vyako wewe. Sikumuelewa mpaka nilipoanza kusoma.

Kasane ni binti wa mwigizaji maarufu, mwanamke mzuri ambaye kila mtu alikuwa anamjua. Mama kafa, mtoto kabaki na sura ambayo wenzake shuleni wanaitukana kila siku. Mama kamuachia lipstiki nyekundu, na ukiipaka ukambusu mtu sura zenu zinabadilishana, yake inakuja kwako na yako inaenda kwake, masaa 12 tu alafu kila mmoja anarudiwa na ya kwake. Uchawi wenyewe ndo huo basi, hakuna majini wala mapanga, kinachobaki ni watu na tamaa zao.

Kitabu cha kwanza kuna tukio la shule, darasa linaigiza Cinderella na wanampa Kasane awe Cinderella ili wamcheke. Anapanda jukwaani na sura yake ileile, nywele zimemfunika uso, na akianza kuongea ukumbi unanyamaza. Wananyamaza kwasababu anajua! Wenzake wakiona hivyo wanamnyang'anya nafasi kabla mchezo haujaisha, na hapo ndo lipstiki inatumika mara ya kwanza, anamalizia mchezo akiwa na sura ya yule msichana mzuri wa darasa. Makofi anapigiwa yule msichana. Nilirudia hizo kurasa mara tatu, maana kabla ya uchawi wowote watu walikuwa wameshamsikiliza yeye mwenyewe, na yeye mwenyewe hakuamini kama walimsikiliza.

Nieleze kwanini imenigusa hivi. Mimi nina kovu la moto, niliungua na uji nikiwa mdogo, limeanzia shavu la kushoto likashuka mpaka shingoni. Kidato cha pili tulikuwa na igizo la mahafali, nilikuwa nimelishika igizo zima kichwani, maneno ya kila mtu. Mwalimu akaniambia wewe una kumbukumbu nzuri, utakaa nyuma ya pazia uwakumbushe wenzako. Pazia lilikuwa mashuka mawili ya bweni yameshonwa pamoja, yananukia sabuni ya mche, na mimi nimechuchumaa nyuma yake. Binti aliyekuwa bibi harusi alisahau pale penyewe panapoliza watu, nikamnong'oneza, akasema, vigelegele ukumbi mzima. Nilisikia maneno yametoka kwangu yakapita kwenye mdomo wa mtu mwingine yakaenda kuliza mama za watu. Nilifurahi kweli na palepale nikaumia, na sikuwahi kumwambia mtu mpaka nimeikuta hisia ileile imechorwa kwenye kitabu na mtu wa Japani.

Kwahiyo kwangu mimi swali la hii manga ni makofi ni ya nani. Kasane anakua, mtu mmoja anaitwa Habuta anamkutanisha na Nina, mwigizaji mzuri wa sura lakini kipaji hakifiki anapotaka, basi mmoja anatoa sura na mwingine anatoa kipaji, na wote wawili wanaanza kuibiwa. Mchezo wanaouingia ni Shakwe wa Chekhov, yule mwandishi Mrusi, ule ambao mwaka 1896 ulizomewa St. Petersburg siku ya kwanza na miaka miwili baadae Moscow wakaushangilia, na nafasi yenyewe ni ya msichana anayeitwa Nina pia. Mwishoni yule wa kwenye mchezo anachanganyikiwa anasema mimi ni shakwe, hapana, mimi ni mwigizaji. Sasa fikiria anayeyasema hayo ni mtu aliyevaa sura ya mwingine, na mwenye sura amekaa pembeni anaona jina lake linapanda na yeye hayumo.

Mbele zaidi kuna Salome, mchezo wa Oscar Wilde, na Matsuura hakuichagua ovyo. Ni mwanamke anayetaka kubusu mdomo wa mtu ambaye hamtaki, mpaka anaomba aletewe kichwa cha huyo mtu kwenye sinia ili abusu. Na Kasane maisha yake yote yanaendeshwa na busu lisilo na mapenzi. Zile kurasa zimechorwa nyeusi tupu, macho tu na ule mdomo, nilifunga kitabu kwanza nikaenda kunywa maji.

Watu wakitaka kunifariji wananiambia uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Wanasema kwa upendo najua, lakini haujawahi kunisaidia, maana ni kama ili mimi nipone lazima mzuri awe ameoza ndani. Kasane haifanyi hivyo. Nina hajaoza, anaumwa na anatamani kama mtu yeyote. Anakuja Nogiku, msichana ambaye uzuri wake ndo ulimfanya afungiwe ndani kama kitu cha mtu, huyo nilimlilia kuliko hata Kasane. Methali niliyoikumbuka ni ile nyingine, nguo ya kuazima haisitiri matako. Hata saa inamsaliti Kasane, yuko kwenye sherehe anapongezwa na jicho liko ukutani anahesabu zimebaki dakika ngapi. Nimemfikiria binamu yangu na mkorogo wake, akiacha wiki mbili rangi inarudi kwa mabaka, anapaka tena, sasa hivi hata kuoga baharini hataki.

Kitu kingine nilichokipenda ni jina. Kasane ni mzimu wa hadithi ya zamani ya Wajapani, mwanamke aliyekuwa anaonekana mbaya wa sura akauawa na mumewe mtoni, imeigizwa sana kwenye kabuki, michezo ya jukwaani ya jadi ya Japani. Na neno lenyewe ni kurundika, kitu juu ya kitu, kujirudia. Ukijua hivyo alafu ukaanza kuona mama na mtoto wanavyofanana njia zao, mwili unasisimka.

Lawama ninazo. Vitabu vya katikati vinazunguka, sadfa zimezidi, watu wanakutana tu Tokyo yote kama wanakaa mtaa mmoja. Habuta pia nilitaka nimjue mapema zaidi. Filamu ya 2018 nayo nimeitazama, Kyoko Yoshine na Tao Tsuchiya kila mmoja inabidi aigize watu wawili na kwa hilo nawavulia kofia, ila Kasane wao ni msichana mzuri aliyewekewa kovu mdomoni. Hapo nilikwazika. Kovu likishakuwa ndo neno zima la ubaya, sisi wenye makovu ya kweli tunakaa wapi? Kwenye manga ni sura aliyozaliwa nayo, hakuna ajali ya kulaumu, na mchoraji anakulazimisha uiangalie kwa karibu mpaka unaizoea, mimi kufika kitabu cha tano nilikuwa naona uso wa Kasane wa kweli ndo wenye uhai kuliko zote.

Ni ya watu wazima jamani, kuna kujiua, kuna unyanyasaji wa mtoto, kuna damu. Kama kioo kinakutesa kipindi hiki subiri kwanza au soma na mtu. Na kwa wasiozoea manga, unaanzia kulia kwenda kushoto.

Mdogo wangu yuko kidato cha nne, Kifaransa hajui, kwahiyo tangu wiki iliyopita jioni namtafsiria kitabu cha kwanza, zile kurasa anazoweza kuziona tu. Juzi tumefika kwa Cinderella, nikajikuta naigiza sauti za wote, za wanaocheka na ya Kasane mwenyewe, sufuria ya maharage iko jikoni inaungua hakuna aliyeinuka. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, akasema dada, rudia pale anapoanza kuongea.