Skana au Multimita? Kupima Mawasiliano ya Ekskaveta Iliyotumika Kabla ya Kuilipia

Watazamaji wapendwa, karibuni katika uchambuzi wa leo. Mezani hapa, katika karakana ya Industrial Area, Nairobi, nina vifaa viwili. Cha kwanza ni skana ya kusoma hitilafu za mitambo mizito, ya aina isiyofungwa na mtengenezaji mmoja. Cha pili ni multimita ya kawaida ya kidijitali, kama zile zinazouzwa Luthuli Avenue kwa shilingi elfu chache. Mnunuzi anaposimama mbele ya ekskaveta iliyokwisha kutumika, na monita yake inaonyesha kwamba kompyuta za mtambo hazisikilizani, ni kipi kati ya hivi kitakachomwambia ukweli kabla hajatoa pesa?

Skana hii, mtambo ukiwa mzima, hufanya kazi nzuri. Husoma kasi ya injini, joto la maji, shinikizo la oili na hitilafu zilizohifadhiwa. Hitilafu hizo huandikwa kwa utaratibu wa J1939, yaani kanuni ya pamoja ya mawasiliano ya kompyuta za mitambo mizito, ambao hutaja sehemu inayohusika, kisha ukaongeza namba ya aina ya kasoro. Namba 9, kwa mfano, humaanisha kwamba ujumbe hauji kwa mwendo unaotarajiwa. Tatizo ni kwamba skana huzungumza na kompyuta kupitia nyaya zilezile tunazozishuku. Nilipoichomeka katika mtambo wenye hitilafu, iliandika kwamba hakuna mawasiliano na kompyuta ya injini, wala haikuongeza lolote. Kuyategemea maneno hayo ni kama kumpigia mtu simu wakati mlingoti umeanguka, kisha ukaamini kwamba hayupo nyumbani. Inaniuma kuona mwenye mtambo akinunua kompyuta nyingine kwa gharama kubwa kwa sababu ya sentensi moja ya skana, ilhali kasoro iko kwenye konekta iliyoingia maji.

Sasa tuitazame multimita, na kwa hili ni lazima kwanza tuelewe inapima nini. Mfumo wa CAN, yaani njia ambayo kompyuta za mtambo hupitishia ujumbe wao, uliotambulishwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986, hutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, ambazo katika mitambo mingi ni wa manjano na wa kijani, na kila mwisho wa njia hiyo una kizuizi cha umeme (rezista) cha omu 120, omu ikiwa kipimo cha ukinzani. Vizuizi viwili vya omu 120 vikiwa sambamba hutoa omu 60, na hiyo ndiyo namba ninayoitafuta. Zima swichi, tenganisha betri, subiri kidogo, kisha weka ncha za mita kwenye nyaya hizo mbili katika konekta ya uchunguzi. Katika konekta ya mviringo ya pini tisa inayofuata J1939, nyaya hizo ziko kwenye C na D, lakini wapo watengenezaji wanaozipanga vingine, kwa hiyo mchoro wa umeme wa mtambo husika utangulie.

Ukipata omu 60, njia kuu ni nzima. Ukipata 120, waya umekatika mahali fulani au kizuizi kimoja kimepotea. Ukipata karibu na sifuri, nyaya zinagusana. Ukipata 40, yupo aliyeongeza kizuizi cha tatu, na hilo hutokea mtambo unapofungwa kifaa cha ziada bila uangalifu. Usomaji ukiwa mbaya, chomoa kompyuta moja baada ya nyingine huku ukitazama mita, mpaka namba ibadilike. Tawi ulilochomoa ndilo la kuchunguza. Kumbuka tu kwamba baadhi ya kompyuta zina kizuizi ndani yake, na ukizichomoa namba itapanda hadi 120 bila kosa lolote.

Baada ya hapo rudisha betri, fungua swichi na upime volti ya kila waya dhidi ya bodi, yaani chuma cha mtambo kilichounganishwa na hasi ya betri. Waya uitwao wa juu (CAN High) utakuwa zaidi kidogo ya volti 2.5, ule uitwao wa chini (CAN Low) pungufu kidogo, na jumla yake ikaribie 5. Waya ukionyesha volti 24, umegusa umeme wa betri. Na kabla ya kuihukumu kompyuta iliyo kimya, hakikisha kwamba inapata umeme na bodi, kwa sababu kompyuta isiyolishwa haiwezi kujibu hata nyaya zake zikiwa safi.

Kwa mazingira yetu, nawasihi mtazame kwanza konekta zilizo karibu na pampu na chini ya kiti, ambako maji ya mashine ya kuoshea kwa shinikizo na tope la udongo mweusi huingia, na ambako panya hutafuna nyaya za mtambo uliokaa yadi muda mrefu. Pia muulize mwendeshaji kama meno ya baketi yamewahi kuchomelewa bila kutenganisha betri na kompyuta, kwani mkondo wa kuchomelea waweza kuharibu kompyuta kabisa.

Multimita ina upungufu wake: huonyesha wastani tu, kwa hiyo kasoro inayotokea nukta moja mtambo unapotikisika huipita. Tikisa mafungu ya nyaya kwa mkono wakati wa kupima omu. Ikishindikana, osiloskopu, kifaa kinachochora mabadiliko ya volti kwenye skrini, ndiyo itakayoiona.

Kwa mnunuzi, nachagua multimita, na skana ije baadaye, nyaya zikishathibitika. Iwapo omu ni 60, volti ni sahihi, umeme na bodi vinafika, na bado kompyuta moja haijibu, hapo ndipo uombe bei ya kompyuta hiyo iondolewe kwenye bei ya mtambo kabla ya kutia sahihi.