Shokapu za mbele za Hilux kwa mfuko mdogo: nilivyonunua mara mbili hapa Tanga

Nimefunga shokapu za mbele mara mbili ndani ya miezi mitano kwenye gari moja. Jozi ya kwanza ilinigharimu 150,000, ya pili 340,000. Naandika kwa ajili ya mwenye pikapu ya kazi ambaye, kama mimi, akiingia duka la spea anauliza bei kwanza ndipo anauliza jina.

Gari lenyewe ni Hilux Vigo ya 2008, dizeli ya 2.5, dabo kebini, foo-wili. Mimi nakaa Chumbageni. Msimu wa machungwa nashinda Muheza, na miezi mingine napanda Amani kufuata iliki, mdalasini na pilipili manga. Kutoka Tanga mpaka Muheza ni lami, hakuna neno. Kazi inaanza ukishaiacha lami na kuanza kuipanda Usambara Mashariki: mawe, makorongo ya mvua, na vile vituta vidogo vidogo vilivyojipanga kama bati la nyumba. Ukivipita polepole vinakutikisa mpaka meno, ukivikimbilia gari linaelea, na mbele yako kuna kona na bonde.

Dalili zilianza taratibu. Nikikanyaga breki, pua inazama. Nikiingia shimo, mbele inapiga "kwa, kwa" mara mbili. Nikapitisha kiganja kwenye tairi ya kushoto nikakuta imeliwa kwa vipande, hapa bonde, hapa kilima. Mke wangu, ambaye hana habari na magari, alisema siku moja tukitoka Pongwe, "Gari lako linaitikia kila shimo, kama lina deni nalo."

Nikalipeleka kwa kijana mmoja wa gereji. Akaukandamiza mdomo wa gari kwa mikono miwili, akauachia, akarudia. "Bosi, shokapu zimekufa hizi. Tupa." Hakuingia chini, hakupiga jeki. Nami nikaridhika, maana ndicho nilichokwenda kukisikia.

Hapa niseme jambo ambalo wengi tunalichanganya. Uzito wa gari haubebwi na shokapu, unabebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka baada ya shimo. Ndani yake kuna oili inayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na ule mruko unageuka kuwa joto. Kwa hiyo kama pikapu yako imelala mbele, shokapu mpya ya kawaida haitaiinua. Na kama inagonga, mgongaji anaweza kuwa mwingine kabisa. Hili la pili nililijua baadaye, kwa fedha yangu.

Sokoni nilikuta njia nne. Ya kwanza ni mtumba, zilizovuliwa kwenye magari ya nje, kama 120,000 jozi. Mtumba wa injini nauelewa, wa mlango nauelewa, lakini wa shokapu siuelewi. Oili na mpira wa kuzibia ndiyo shokapu yenyewe, na hivyo ndivyo vinavyochoka. Huoni ilikotoka wala imekimbia kilomita ngapi, unanunua rangi. Ya pili ni mpya kwenye boksi lenye jina ambalo hata muuzaji alilisoma kwa kubahatisha, 150,000. Ya tatu ni mpya za kampuni inayojulikana, na Kayaba, yaani KYB ya Japani, ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi. Bei yake 330,000 hadi 370,000 kutegemea duka na siku. Ya nne ni zile za wenye safari za porini, Old Man Emu za Australia na wenzake, ambazo ukichukua na springi zake unaanza kuhesabu kwa milioni. Niliulizia pia za Toyota zenyewe. Nilitajiwa bei, nikashukuru, nikaondoka.

Nikachukua ya pili. Nilijiambia mpya ni mpya.

Ufungaji wake ndio nilipaswa kuutilia shaka palepale. Kwenye Vigo shokapu ya mbele imekaa katikati ya springi, kwa hiyo lazima springi ibanwe kwanza ndipo ile nati ya juu ifunguliwe. Wakati wa kuikaza nati, fimbo ya shokapu inazunguka nayo. Kijana akachukua plaizi, akaibana fimbo ile inayong'aa, akakaza. Plaizi ilipotoka niliona mkwaruzo wa kama punje ya mchele, mweupe kwenye chuma kinachong'aa. Nikauliza. Akaufuta kwa kitambaa cha gwanda lake. "Hiyo haina shida, bosi." Nikalipa 30,000. Shokapu za zamani nikamwachia hukohuko, jambo ambalo mpaka leo linaniuma kidogo.

Wiki mbili za kwanza gari lilikuwa tamu. Mwezi wa tatu pua ikaanza kuzama tena. Mwezi wa nne, kama kilomita 8,000 hivi, shokapu ya kulia ilikuwa imelowa oili kuanzia shingoni mpaka chini, na vumbi la Amani limejipaka juu yake kama unga kwenye samaki wa kukaanga. Si ule unyevu mwepesi wa kawaida ambao haudhuru kitu. Huu ulikuwa unatiririka. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini sikudhani maneno hayo yanahusu na spea.

Kwa haki, ile ya kulia siwezi kumlaumu aliyeitengeneza peke yake. Ndiyo iliyokwaruzwa na plaizi, na fimbo yenye mkwaruzo inakata mpira wa kuzibia kila inapoingia na kutoka. Lakini ya kushoto haikuguswa, haikuvuja hata tone, na ilipokuja kuvuliwa niliisukuma kwa mkono mmoja ikaingia bila ubishi, kama pampu ya baiskeli iliyokatika ngozi. Hiyo sina wa kumsingizia.

Na ile "kwa, kwa" haikuwa imeondoka hata siku moja, tangu siku ya kwanza. Nilikuwa najifanya siisikii.

Rafiki akanielekeza kwa mzee mmoja Ngamiani, gereji yake iko chini ya mwembe. Shikamoo, marahaba, akaniuliza gari linabeba nini, linapita wapi, kisha akapiga jeki kabla sijamaliza kusema kuhusu shokapu. Akachukua mtaimbo, akauingiza chini ya tairi, akanyanyua kidogo. "Weka kidole hapa, mwanangu." Nikaweka kwenye boljointi ya chini, kile kiungio kinacholishika gurudumu kwenye mkono wa chini. Kila alipoinua, nikaisikia inacheza, tik, tik, ndani ya kidole. Akaenda upande wa pili, hivyohivyo. Kisha akaubana mtaimbo kwenye bushi za mikono ya chini, yaani mipira inayoiunganisha mikono hiyo na fremu, mpira umepasuka mpaka unaona chuma.

"Shokapu za zamani ziko wapi?"

Nikamwambia niliziacha kwa yule kijana.

"Zilikuwa zinavuja?"

Nilipojaribu kukumbuka, nilikumbuka moja ilikuwa na oili. Ya pili sikuwahi kuiangalia. Mzee hakusema kitu, akaendelea kufuta mikono. Kisha akaniambia kuwa kuukandamiza mdomo wa pikapu hakusemi mengi, springi zake ni ngumu. Afadhali uangalie uvujaji, uangalie tairi inavyoliwa, na uendeshe.

Safari hii niliagiza Kayaba, zile Excel-G, kutoka Dar. Tanga nazo zipo, ila duka nililoingia lilikuwa na za Vigo ya tu-wili, na za mbele si sawa na za foo-wili. Hapa watu wanaumia: muuzaji anakwambia "ya Vigo hii" na boksi kweli limeandikwa Hilux. Mpe namba ya chesesi, mwambie akupigie picha ya namba iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye shokapu yenyewe, zilingane, ndipo utume fedha. Kifurushi kilifika Kange kwa basi kesho yake, 10,000.

Mzee alinipa kisu nikate ukanda. Shokapu ya gesi inakuja imebanwa, na ukikata ukanda fimbo inapanda yenyewe, polepole, bila kusita. Ile ilipanda kama mtu anayeinuka kwenye mkeka. Akaisimamisha wima, akaipampu mara nne tano hewa itoke kwenye oili. Kwenye kufunga, fimbo aliishika kwa spana kichwani kwake juu, pale palipotengenezwa kwa ajili hiyo. Plaizi haikuonekana siku nzima. Kibano cha springi alikifunga pande mbili, akamfukuza kijana wake asisimame mbele ya springi. Tafadhali, kazi hii usiifanye nyumbani kwa kamba na nyaya. Springi ile ikichomoka inaua.

Kitu kingine alichofanya ambacho sijaona kwa mafundi wengi: bolti za bushi za mikono hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alilishusha likasimama kwa miguu yake, akalitikisa, ndipo akaingia chini kukaza. Ukikaza likiwa linaning'inia, mpira wa bushi unakaa umejipinda muda wote na unapasuka mapema. Bolti alizipaka grisi kwanza, maana hapa kwetu upepo wa bahari ukishaingia kwenye chuma, kufungua mara ya pili ni kwa moto.

Gharama ilikwenda hivi: shokapu 340,000, kifurushi 10,000, bushi 60,000, boljointi mbili 90,000, ufundi 80,000, alaimenti 30,000. Jumla 610,000. Ni fedha, sikatai. Lakini ukizitazama vizuri, kilichoondoa kelele ni ile 150,000 ya bushi na boljointi, sawasawa na nilichoitupa kwenye boksi la kwanza.

Sasa ni miezi 11, kilomita kama 21,000. Pua haizami. Tairi mpya zinaliwa sawasawa. Nikiwa na machungwa nyuma, mbele inashika barabara vizuri kwenye mteremko wa kutoka Amani, pale ambapo zamani nilikuwa naukamata usukani kama nimebeba maji. Fimbo zote mbili kavu.

Nisizipambe kupita kiasi. Gari likiwa tupu zina ugumu, wiki za kwanza mgongo uliuona, hasa kwenye vituta vya rasta vya mjini. Pili, kwenye ile barabara ya bati, ukienda nusu saa bila kupumzika unasikia zinalegea kidogo. Ni shokapu za bomba mbili, moja ndani ya nyingine, na oili inayofanya kazi imekaa ndani, joto halitoki upesi. Zile za bomba moja, kama Bilstein, au Gas-A-Just za haohao Kayaba, oili imegusana na ukuta wa nje, kwa hiyo zinapoa haraka. Kwa anayeshinda Amani kila siku ningemshauri ajibane azifikie. Kwangu mimi, safari mbili kwa wiki, nasimama kunywa chai ya tangawizi na zenyewe zinapoa.

Kuhusu zile za milioni: fundi mwingine alinisukuma sana nichukue shokapu nzito, "gari la kazi hili." Mzigo wangu unakaa nyuma, kwenye springi za mabamba. Mbele sina bampa la chuma wala winchi. Kufunga shokapu nzito mbele ya gari jepesi mbele ni kununua mtikisiko. Mwenye bampa la chuma hesabu yake ni nyingine.

Na mtoto wa ami yangu, ambaye Vigo yake imenyanyuliwa kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa juu ya springi, ionekane dume, ameshabadilisha buti za ekseli, yaani mipira inayofunika viungio vyake, mara mbili, kwa sababu ekseli sasa zinafanya kazi zikiwa zimepinda. Gari ni zuri kwenye picha. Akija kwangu tunaongea mengine.

Kilichobaki ni mlio mdogo wa asubuhi upande wa kushoto, kama panya, ambao ukifika Mabokweni umeshapotea. Nilidhani shokapu, nikaanza kuwaza vibaya. Mzee kaingia chini, katoka na jibu: mpira wa stabilaiza, kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona, 12,000. Jumamosi nampelekea.