Miezi 11 na baiskeli ya umeme: ni baiskeli kweli, au nimenunua pikipiki bila kujua?

"Dada, pikipiki zinakaa upande ule."

Hayo ndiyo maneno ya mlinzi siku ya kwanza nilipofika nayo kazini. Nikamwambia kaka, hii ni baiskeli. Akainama, akaitazama habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, nene kama kopo la maziwa, akaigonga betri kwa kidole. "Na hii je?" Nikamwonyesha pedeli. Akacheka, akasema hata zile mopedi za zamani zilikuwa na pedeli. Na kweli, jina lenyewe la mopedi limetokana na mota na pedali. Nikakosa la kujibu, nikaiegesha kwa pikipiki.

Tangu siku hiyo nimeiendesha miezi 11 na kilomita 3,140, kwa hesabu ya skrini yake. Naandika haya kwa anayefikiria kununua, kwa sababu matangazo yatakwambia habari za betri na rangi, ila hili la mlinzi hutalikuta popote, na ndilo litakalokusumbua kuliko pancha.

Kwanza chombo chenyewe. Jina la kampuni nimeliacha, maana hizi zinafanana sana na vibandiko tu ndivyo vinavyotofautiana. Fremu ya alumini, giya 7 nyuma, breki za diski za kuvutwa kwa waya, mota ya wati 250 ndani ya habu ya nyuma, betri ya volti 36 na ampea-saa 14, yaani wati-saa 504. Uzito wake kilo 24. Baiskeli yangu ya zamani isiyo na umeme ina kilo 13, na hizo 11 za ziada utazijua siku lifti imeharibika.

Barabarani ni raha, sitaficha. Mtu wa kawaida asiye mwanamichezo akikanyaga kwa muda mrefu hutoa wati 100 hivi. Kwa hiyo hii mota ni kama kupakia watu wawili na nusu kwenye keria, na wao badala ya kukaa wanakusaidia kukanyaga. Kuna mwinuko ambao zamani nilikuwa nashuka na kukokota. Sasa naupanda nikiwa nimekaa, nahema kidogo tu, nafika shati likiwa kavu.

Kwenye mwinuko huohuo ndipo nilipodhani nimetapeliwa. Kibandiko kinasema wati 250, skrini inaonyesha 460. Kumbe hizo 250 ni nguvu ambayo mota inaweza kuitoa mfululizo bila kujichoma. Kwa dakika chache inaruhusiwa kupita hapo, na sheria za Ulaya zinapima ile ya mfululizo, si ya kupanda mlima mmoja. Ukiona muuzaji anatangaza "wati 1,000", muulize anataja ipi kati ya hizo mbili. Wengi hawajui.

Udhaifu wake mkubwa ni sensa, kile kifaa kinachohisi kama unakanyaga. Haipimi unakanyaga kwa nguvu kiasi gani. Inaangalia kama pedeli inazunguka, basi. Pale kwenye ekseli ya pedeli kuna kiduara chenye sumaku ndogondogo, zikipita mbele ya sensa mota inaamini unafanya kazi. Matokeo yake, taa ikiwaka kijani unaanza kuzisukuma kilo 24 peke yako, nusu mzunguko hivi, halafu mota inaamka ghafla kama mtu aliyekusukuma mgongoni bila kubisha hodi. Ukiacha kukanyaga nayo inachelewa kidogo kuacha. Mara mbili nimeparamia ukingo wa barabara nikikata kona finyu, kwa kuwa niligusa pedeli kidogo tu kujiweka sawa. Dawa niliyoipata: kila mpini wa breki una swichi inayokata mota, kwa hiyo kwenye kona naushika mmoja kwa kidole, kiasi cha kuigusa swichi tu, breki yenyewe isikamate. Zile zenye sensa ya kupima nguvu ya mguu hazina ujinga huu. Ningejua ningengoja mwezi mmoja zaidi nikanunua hiyo.

Sasa turudi kwa mlinzi. Nilianza kusoma sheria nikitafuta cha kumjibu, na nilichokuta mwanzoni kilimpa yeye ushindi. Mkataba wa Vienna wa usafiri wa barabarani wa mwaka 1968 unaielezea baiskeli kuwa chombo chenye magurudumu angalau mawili kinachoendeshwa kwa nguvu ya misuli ya waliokipanda pekee, hasa kwa pedeli au kwa kuzungusha kwa mikono. Hilo neno "pekee" linanitoa nje. Baiskeli ya magurudumu matatu ya mtu mwenye ulemavu, inayozungushwa kwa mikono, imo ndani. Yangu yenye kengele, pedeli na keria, haimo.

Bahati nzuri nchi nyingi zimetoboa kamlango pembeni. Umoja wa Ulaya unaihesabu ya umeme kuwa baiskeli kama mota haizidi wati 250 za mfululizo, kama inasaidia wakati unakanyaga tu, na kama msaada unapungua taratibu hadi kukatika kabla ya kilomita 25 kwa saa. Ukipita hapo kwa miguu yako hakuna anayekuzuia, ila mota iwe imelala. Uingereza inafanana nao, ikaongeza kwamba mwendeshaji awe na umri wa miaka 14 au zaidi. Marekani ni wakarimu: sheria yao ya mwaka 2002 ya usalama wa bidhaa inasema chini ya wati 750, pedeli zinazofanya kazi, na mota peke yake isifikishe maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Hiyo inamhusu mtengenezaji. Upite wapi barabarani ni jambo la kila jimbo, na majimbo mengi yamezigawa katika madaraja matatu.

Japani ndiyo niliyoipenda. Kule wanahesabu uwiano: ukiwa chini ya kilomita 10 kwa saa mota haitakiwi kutoa zaidi ya mara mbili ya kile miguu yako inachotoa, kisha msaada unashuka taratibu hadi kufa kabisa ukifika 24. Wamekwenda moja kwa moja kwenye swali lenyewe, kwamba wewe umeweka nini? Sensa yangu ya sumaku isingeweza hata kulisikia swali hilo.

Halafu kuna akseleta. Yangu ilikuja na ya kidole gumba, kando ya mpini wa kulia. Ukiibonyeza inaondoka yenyewe, miguu imetulia, hadi 25. Kwa Ulaya hiyo peke yake inatosha kuitoa kwenye kundi la baiskeli, ukiacha kile kimsaada cha kuisukuma kisichozidi kilomita 6 kwa saa. Marekani ingepita bila shida, daraja la 2 kati ya yale matatu. Yaani chombo kilekile, fremu ileile, kikivuka bahari kinabadilishwa jina kwa sababu ya kitufe kilichoshikwa na skrubu moja na waya mwembamba kama uzi wa kiatu.

Na kabla hamjasema ni haya mambo ya umeme yaliyoleta utata: mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alivunja rekodi ya saa moja kwa baiskeli ya kulalia iliyoundwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45 na ushei. Haikuwa na mota yoyote, ni miguu mitupu, ila amelala chali. Mwaka uliofuata UCI, chama cha kimataifa cha mchezo huo, kikaandika upya maana ya baiskeli ya mashindano na ile ya kulalia ikabaki nje. Na babu wa baiskeli zote, chombo cha Mjerumani Karl Drais cha mwaka 1817, hakikuwa na pedeli kabisa. Ulikaa juu yake ukipiga ardhi kwa miguu. Kwa hiyo ile hoja yangu ya "mbona ina pedeli" nayo haikuwa na mashiko upande wowote.

Sasa kosa langu. Muuzaji aliponikabidhi aliinama akaninong'oneza: shikilia vitufe viwili kwa pamoja, menyu iliyojificha inafunguka, badilisha 25 iandike 40. Mwezi wa tatu nikashindwa kuvumilia, nikabadilisha. Haikufika 40, betri ya volti 36 haina ubavu huo. Ilifika 33, na kwa wiki tano nilijiona bingwa.

Tofauti ya 25 na 33 inaonekana ndogo, lakini nishati ya kuizima ukitaka kusimama hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ni kama robo tatu zaidi. Breki ndizo zilizonisimulia. Pedi za kwanza zilidumu kilomita 1,200, zilizofuata hazikumaliza 600. Betri iliyokuwa ikinifikisha kilomita 50 ikawa inakata roho kwenye 31. Spoki mbili zikakatika gurudumu la nyuma, zote upande mmoja, pale zinapopinda kuingia kwenye habu.

Ila kilichonirudisha akili si spoki. Ilikuwa jioni, kwenye njia inayotumiwa na waendao kwa miguu pamoja na baiskeli. Mama mmoja alikuwa anasukuma kigari cha mtoto, akahamia upande wangu kukwepa dimbwi. Nilivuta breki zote mbili, gurudumu la nyuma likateleza likilia, nikasimama nikiwa naweza kukigusa kile kigari kwa mkono. Mtoto alikuwa amelala na soksi moja imemvuka. Yule mama hakupiga kelele. Aliniangalia, akauliza, "Mbona unapitisha pikipiki huku, mwanangu?"

Mlinzi niliweza kubishana naye. Huyu alikuwa amesema kweli tupu. Usiku ule nilirudisha 25.

Spoki nilizipeleka kwa muuzaji nikidai dhamana. Akaiwasha skrini, akafungua kurasa mbili tatu, akanionyesha: kasi ya juu kabisa kuwahi kufikiwa, 33.4. Chombo kimefunguliwa, dhamana imekwisha. Ni yuleyule aliyeninong'oneza namna ya kuifungua. Nilimtazama, akatazama pembeni. Fundi wa mtaani alizibadilisha kwa dakika arobaini, akanyoosha na rimu, akaniambia niwe nazibana spoki za nyuma kila baada ya muda kwa sababu mota ya kwenye habu inazivuta kuliko mguu wa mtu.

Bima walikuwa waungwana zaidi. Niliwapigia, dada wa upande wa pili akaniuliza mambo matatu: wati ngapi, inakata kwa kasi gani, ina akseleta? Nilipojibu la tatu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hicho dada tunakihesabu chombo cha moto." Nikamuuliza nikiing'oa je? Akasema nitume picha. Nikachomoa waya, nikafunga mdomo wake kwa utepe usiingie maji, kitufe nikakitupia kwenye droo ya misumari. Imeingia kwenye bima kama baiskeli. Hadi leo sijakikumbuka kitufe kile zaidi ya mara moja, siku nimeumia goti.

Usafiri wa ndege usahau. Betri za lithiamu zinazozidi wati-saa 160 haziruhusiwi kwenye ndege ya abiria, na yangu ni 504. Fremu wataibeba, betri ibaki nyumbani.

Kipimo changu mwenyewe cha kipi ni baiskeli na kipi ni pikipiki nilikipata kwa uzembe. Nilisahau kuchaji, betri ikazima nikiwa na kilomita 14 mbele yangu na giza linaingia. Mota yangu ina friwili ndani, kwa hiyo ikizima haikuvuti nyuma. Unabaki na uzito tu. Nilishuka hadi giya nyepesi, nikakanyaga kama ninayetwanga, nikafika nimelowa chapachapa na magoti yanalalamika. Lakini nilifika, nimekaa juu yake, na taa ya dainamo niliyoifunga mwenyewe inawaka. Rafiki yangu anayo nyingine inayouzwa pia kwa jina la baiskeli ya umeme: tairi nene, kiti cha chini mpaka magoti yanagusa usukani, pedeli fupi kama masikio ya sungura aliyekatwa. Ikizima moto anashuka, anaisukuma hadi kwake. Zile pedeli aliwekewa apite kwa askari.

Ukienda dukani, basi, omba waizime kabisa, uiendeshe hivyo mtaa mzima. Soma kibandiko cha kwenye fremu, si tangazo la ukutani, na ukipige picha siku hiyohiyo kabla jua halijafuta maandishi. Uliza kama sensa inapima nguvu au mzunguko. Chukua breki za mafuta ukiweza. Mimi nimebadilisha zangu baadaye na imenigharimu zaidi kuliko kama ningeanza nazo. Ukiishi ghorofani bila lifti, nunua ambayo betri inachomoka kwa urahisi, na hata hivyo pima bega lako kwanza. Nimeipa nyota tatu na nusu, hiyo nusu iliyokatwa ni ya sensa na moja ni ya muuzaji.

Kuhusu maegesho, bado naiacha kule kwenye pikipiki. Upande wa baiskeli hauna paa, na betri haipendi jua.