Firefox ya Android na vidakuzi: friji limeacha kunifuata?

Mambo vipi wakuu, karibuni tena. Juzi nimetafuta bei ya friji, mara moja tu. Tangu siku hiyo nikisoma matokeo ya mpira, friji. Nikitafuta mapishi ya pilau, friji! Basi leo naichambua Firefox ya Android, kivinjari cha kuingilia mtandaoni, kwa jambo moja tu: vidakuzi.

Kuki, ukipenda: vijifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari chako ili ikutambue ukirudi. Mimi naona aliyetunga jina kidakuzi alipatia, maana ndani yake unasikia udaku. Ila tusivionee vyote. Lou Montulli alivibuni mwaka 1994 pale Netscape, kampuni ya kivinjari cha enzi zile, na kazi moja ya mwanzo ilikuwa duka la mtandaoni likumbuke ulichoweka kapuni. Ni kama ile namba unayopewa ukiacha mzigo mlangoni supamaketi. Bila hiyo, kila ukurasa ungekuuliza nywila upya.

Mdaku ni mwingine: kampuni ya matangazo iliyojibanza kwenye tovuti ya friji, na kwenye tovuti ya mpira imo pia. Inaiona namba yako ileile kote kuwili, inaunganisha habari.

Sasa Firefox inachofanya, kila tovuti inapewa kopo lake la vidakuzi. Kidakuzi alichokiweka mtangazaji ulipokuwa kwenye friji, ukifika kwenye mpira hakioni tena. Kwenye kompyuta ulinzi huu ulianza kuwashiwa watu wote Juni 2022. Kwenye simu nimeukuta umeshawashwa, sikugusa kitu. Chrome je? Google walitangaza mwaka 2020 kwamba wataviondoa vidakuzi vya pembeni, yaani vya hao wadaku na si vya tovuti uliyoifungua, wakasogeza, wakasogeza, hadi 2024 wakaghairi. Kwa hiyo kule unavizuia mwenyewe, kwenye mipangilio ya tovuti.

Nilichokipenda zaidi ni kufuta data unapotoka. Unachagua cha kufuta, hata vidakuzi peke yake. Lakini sikiliza hapa: lazima utoke kwa kitufe cha kutoka kilichopo kwenye menyu. Ukiifagia tu programu kwa kidole usidhani umefuta. Na ukifuta, utatolewa kwenye akaunti zako zote, kwa hiyo hakikisha nywila unazikumbuka. Mimi sikuzikumbuka. Jumapili nzima iliishia kwenye “umesahau nywila?”

Ulinzi mkali nao upo, ila Mozilla, watengenezaji wa Firefox, wenyewe wanaonya kwamba baadhi ya tovuti zinaweza kugoma. Ule wa kawaida unanitosha.

Friji? Kwenye kivinjari limepungua sana. Kwenye app bado lipo, kwa sababu app hazitegemei vidakuzi vya kivinjari, zinatumia kitambulisho cha matangazo cha simu yenyewe. Hicho ingia Mipangilio, kisha Google, kisha Matangazo, ukifute. Video ikiisha nami naenda kukifuta changu.